Kisu Kilichokazwa

Breki alikileta kisu kikiwa kimechafuka hivi kwamba asiyekijua angedhani ni kipande cha mzizi. Alikiweka juu ya meza ndogo ya kibarazani, kando ya simu mbili zilizofunguliwa matumbo, akavua kofia na kujifutia jasho nayo.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa," alisema. "Dhoruba imelaza miti barabara nzima, na sisi tunakata tangu mvua ilipokatika. Utomvu, tope, mchanga, vyote vimo humo ndani. Mwogeshe."

Fundi ndivyo mtaa mzima ulivyomwita binti huyu, kwa sababu alitengeneza simu. Hata baada ya kuolewa aliendelea kuishi kwa wazazi wake na kufanyia kazi hapo kibarazani, maana mumewe alikuwa dereva wa lori na nyumbani alionekana kama mgeni wa heshima. Breki naye jina lake lilitokana na kazi. Baba yake Fundi alipopanda miti ya watu kupogoa matawi, Breki ndiye aliyesimama chini ameshika kamba. Alipenda kujisifu kwamba hajawahi kuangusha mtu, ingawa mtu mwenyewe aliyewahi kumshikia kamba alikuwa huyo huyo mmoja.

"Halafu mbona kimekaza hivi?" Breki aliendelea. "Nakifungua kwa mikono miwili na meno karibu yasaidie. Mzee alinipa kisu au alinipa adhabu?"

Fundi aliinamia simu. "Ni utomvu, mjomba. Ukikauka ndani unakuwa kama gundi."

"Hapana bwana. Siku ya kwanza nilipokifungua kilikuwa hivi hivi, na utomvu hakina. Nataka nimuulize Mzee alikuwa anakifunguaje huko juu kwa mkono mmoja. Au alikuwa mchawi?"

"Amelala kidogo."

"Basi nitamuuliza kesho nikija kukichukua," Breki alisema, akavaa kofia yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Fundi alibaki ameshika bisibisi bila kujua alikuwa anafungua nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya kisu hiki ilijulikana na mtu mmoja tu chini ya jua. Mtu huyo alikuwa yeye, na kesho Breki angeimwaga sebuleni huku akicheka.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Baba alikuwa mpogoaji wa miti, na mpogoaji akiwa juu ana mkono mmoja tu wa kazi, kwa kuwa ule mwingine umekumbatia tawi. Msumeno ni wa matawi makubwa. Kisu cha kukunja ni cha mengine yote: kulainisha jeraha la mti, kuondoa vijitawi, kukata kamba iliyokwama. Lazima kifunguke kwa kusukumwa na dole gumba. Kisipofunguka hivyo, huko juu hakina faida zaidi ya funguo za nyumba ya jirani. Macho ya baba yalipoanza kukataa kuona tundu la skrubu, kazi ya kukisafisha kisu kila jioni ilihamia kwa binti yake, na baba akawa anatembea akiwaambia wateja kwamba kisu chake kina fundi wake binafsi.

Kisha likaja lile la mti mrefu nyuma ya ghala. Mguu wa baba uliteleza, kamba ikamdaka, akaning'inia huko akizunguka kama suruali iliyoanikwa. Breki aliisimulia habari hiyo sebuleni kwa kicheko, na baba akacheka kumshinda. Mama hakucheka. Aliingia jikoni, akafunga mlango, na waliokaa sebuleni wakasikia masufuria yakioshwa ambayo tayari yalikuwa safi. Fundi, wakati huo tumbo likiwa kubwa, alijikaza akasema, "Baba, si upumzike sasa?"

"Nitapumzika nikifa," baba akajibu, akaomba aongezewe chai.

Hapo ndipo Fundi alipofanya aliyoyafanya. Jioni ile alipomaliza kukifuta kisu aliikaza ile skrubu inayoshikilia bapa kwenye mpini, akaikaza kidogo kupita kipimo. Kesho yake akaongeza kidogo. Fundi wa simu hana pupa. Anajua kitu kidogo kinavyoweza kuzima mashine kubwa. Utomvu nao akawa anaufuta nje tu, wa ndani akauacha ukauke. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho alikijaza kwa mkono wake mwenyewe, huku baba ameketi pembeni akimsimulia habari za mchana.

Alitaka kitu kimoja tu: baba achoke na miti. Alidhani kisu kikigoma mara kwa mara, mzee atachukia kazi, atanung'unika wiki moja, kisha atakaa nyumbani kama wazee wenzake. Hakufikiri zaidi ya hapo. Watu wenye akili nyingi ndivyo walivyo, wanaona hatua ya kwanza vizuri mno kiasi cha kusahau kwamba kuna ya pili.

Jioni moja baba alirudi mapema, akaketi bila kuvua viatu, akamnyooshea kisu. "Hebu kitazame. Leo kimenigomea kabisa."

Fundi alikipokea, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Hii ndiyo nafasi aliyokuja kuikumbuka baadaye akiwa ananyonyesha, akiwa anaoga, akiwa kwenye foleni ya duka. Angeweza kusema lolote pale. Angeweza hata kusema kisu kimezeeka, tununue kingine.

"Kiko sawa, baba," alisema.

Baba alikitazama kisu, kisha akakitazama kidole chake gumba, akakikunja na kukikunjua. "Basi kosa si lake," alisema taratibu. "Kisu kimepita mkononi mwa mwanangu, hakiwezi kuwa na kosa. Mikono ndiyo imekwisha."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini nguo yenyewe ikiwa ni mwanawe. Wiki ile ile baba alimkabidhi Breki msumeno, kamba na kisu. Watu walikuja kumliwaza. Walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wakanywa chai, wakaondoka. Fundi alipata alichokitaka. Mama alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu habari ya ghala.

Lakini mtu akishaambiwa mikono yake imekwisha, haishii kwenye kisu. Baba aliacha kumimina chai, akawa anasogeza kikombe ili wengine wammiminie. Aliacha kunyoa ndevu, akawa anakwenda kwa kinyozi. Siku moja balbu iliungua, na yeye, aliyekuwa akipanda miti mirefu kuliko nyumba za ghorofa, alikaa gizani sebuleni mpaka binti yake akatoka chumbani na kuibadilisha. "Usiniite mimi kwa vitu vya kuvunjika," alisema.

Halafu mtoto akazaliwa. Wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Siku aliyoletwa nyumbani, Fundi alimpelekea baba yake akiwa amemfunika vizuri. Baba alisimama, akaficha mikono yake nyuma.

"Mimi nitamtazama tu," alisema.

"Mshike, baba. Si mzito."

"Uzito siuogopi. Naogopa kumwangusha. Mikono hii, mama, hata kisu imeshindwa."

Wote wakacheka. Mama akambatiza jina la babu wa macho, na jina likamganda. Kila jioni babu wa macho aliketi kando ya mtoto, akamwimbia, akamfukuzia nzi kwa gazeti, akamsemesha mambo ya miti. Kumshika hakumshika. Mtoto alipomnyooshea mikono, yeye alimnyooshea kidevu. Kila aliyeona alidhani ni woga wa wanaume kwa watoto wachanga. Fundi peke yake alijua ni nini.

Sasa kisu kilikuwa mezani pake, na Fundi akaona mlango umefunguka. Breki alimtajia utomvu mwenyewe. Akikisafisha vizuri leo na kuilegeza skrubu, kesho Breki atakikuta laini, atasema kumbe kweli ulikuwa utomvu, na maneno yataishia hapo. Baba naye akikijaribu kitafunguka. Atadhani mikono imepona, atamshika mjukuu, na hakuna atakayejua neno. Ila atapanda tena. Atapanda akiamini binti yake hajawahi kumdanganya, na siku atakapoteleza, Fundi atakuwa amemdanganya mara mbili.

Alisogeza simu pembeni, akatandika kitambaa cheupe, akaanza kazi, maana mikono yake angalau ilijua la kufanya.

Skrubu iligoma kwanza. Ilimbidi aegemee bisibisi kwa uzito wa mwili ndipo ikatoa mlio na kugeuka, naye akashangaa alikuwa ameikaza kiasi gani. Alilitoa bapa, akalilaza kitambaani. Akafuatisha zile washa mbili za shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu, ambazo hukaa kila upande wa bapa ili chuma kisisage chuma. Zilikuwa zimekwanguka. Kila mkwaruzo ulikuwa ni siku ambayo baba alisukuma kwa nguvu zake zote huko juu, kisha akajilaumu.

Utomvu wa ndani ulikuwa wa matabaka. Wa juu ulikuwa laini bado, wa dhoruba ya juzi, umechanganyika na mchanga. Wa chini ulikuwa mweusi na mgumu, na huo haukuwa wa Breki. Huo ni ule aliouacha yeye. Alichovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, akasugua, akachokonoa mfereji wa loki, ile inayozuia bapa lisijifunge, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, akafuta, akasugua tena. Kitambaa kilikuwa cheusi kabla hajafika nusu. Alikitafuta kingine.

Baba alitoka ndani akipiga miayo, akavuta kigoda na kuketi mahali pake pa zamani. Aliinusa hewa. "Mafuta ya taa," alisema. "Breki amekileta."

"Amekileta, baba."

"Kimeteseka?"

"Kimeteseka."

"Kikwaruze vizuri kwenye loki, mchanga hupenda kujificha pale. Na usiikaze sana skrubu. Breki ana dole zima, lakini tumwonee huruma."

Alisema hivyo kwa utani, na Fundi akajibu kwa kicheko kidogo kilichokuwa kibaya kuliko kilio. Aliloanisha jiwe la kunolea kwa maji, akalilaza bapa kwa mshazari, akalivuta upande mmoja, kisha mwingine, mpaka dole lilipopapasa ukingo likakuta makali yale yale kutoka shinani hadi nchani. Akalifuta. Akazirudisha washa za shaba baada ya kuzilainisha, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, bapa katikati, skrubu mahali pake. Akaikaza mpaka bapa likaacha kucheza kushoto na kulia, halafu akairudisha nyuma kidogo sana. Hicho ndicho kipimo. Alikuwa akikijua siku zote.

Alikiinua kisu, akakisukuma kwa dole gumba. Bapa liliteleza lenyewe, loki ikashika. Tak.

Baba aliinua kichwa. "Mlio huo!" alisema, na uso wake ukachangamka. "Sijausikia siku nyingi. Zamani ukilia hivyo huko juu, ndege walikuwa wanaruka. Nilidhani na masikio nayo yamekwisha."

Fundi alifungua kinywa aseme ni mafuta tu, baba, mafuta mapya. Uongo ulikuwa tayari, umepambwa, unangoja kutoka. Alimtazama baba yake amekaa pale na furaha ya mlio, mikono ameikunja mapajani kama vitu vya kuazima.

"Baba, mikono yako haina kosa."

"Ehe?"

"Kisu ndicho kilikuwa na kosa. Mimi nilikikaza. Kila jioni, kidogo kidogo, tangu ulipoteleza kule ghalani. Na utomvu niliuacha makusudi. Uliponiuliza nikakwambia kiko sawa, hakikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekiharibu."

Aliyasema yote akitazama kitambaa. Alikinyoosha kisu mbele yake, mpaka uzito wake ukaondoka kiganjani.

Baba alikifungua kwa dole moja. Tak. Akakifunga. Akakifungua tena, akakifunga, akakifungua.

"Nani huyo anachezea kisu?" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Mtoto amelala!"

Baba alikifunga kisu, akakishika tu. Shingo yake ilikuwa imesimama misuli. Fundi alisubiri agombezwe, na ukweli ni kwamba alitamani kugombezwa, kwa sababu baba aligombeza kama mvua ya vuli, ikisha imekwisha.

"Mama yako anajua?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Basi asijue. Atakusema mpaka uote mvi, na wewe unanyonyesha."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Alilia kwa aibu, bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono unaonuka mafuta ya taa. Angalau baba angemwachia adhabu yake.

"Kwa nini hukuniambia?" baba aliuliza.

"Nilikwambia upumzike. Ukasema utapumzika ukifa."

"Nilisema hivyo, kweli."

"Ningekwambia tena, ungesikia?"

Baba alifikiri kwa haki kabisa. "Nisingesikia," alikubali. "Ningekugombeza. Ningepanda. Labda ningeanguka. Lakini ningeanguka na mikono yangu, mama. Wewe uliniacha hai ukanichukulia mikono. Nalala usiku naipapasa, najiuliza imefanya kosa gani."

Samahani Fundi alikuwa nayo, ipo ulimini, lakini ilionekana ndogo kiasi kwamba aliona haya kuitoa. Aliitoa hivyo hivyo. Baba aliitikia kwa kichwa bila kusema ameipokea au ameikataa.

Mtoto aliamka. Alianza na kikohozi cha kutafuta sauti, kisha akaipata. Fundi aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaingia ndani na kutoka naye. Alisimama mbele ya baba yake bila kujua kama ana haki ya kumpa.

Baba aliweka kisu mezani. Akainyoosha mikono yake mbele, viganja juu, akaitazama kama mtu anayerudishiwa mali iliyopotea na kukuta ina mikwaruzo.

"Inatetemeka?" aliuliza. "Macho yangu haya, sioni vizuri. Niambie wewe."

Fundi aliitazama. Neno hapana lilimjia lenyewe, jepesi, lenye upendo. Alilimeza.

"Inatetemeka, baba. Kidogo. Wa kushoto zaidi."

"Wa kushoto," baba alisema, akaushusha mkono huo, akaubana kwenye mbavu kuutuliza, akaurudisha. "Haya. Mlete."

Alimpokea. Alimpokea vibaya, kichwa kikiwa juu mno, kisha akamrekebisha, na mtoto akanyamaza kwa mshangao wa harufu ngeni. Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akaona, akaziba mdomo, akarudi jikoni haraka ili asije akaharibu. Baba alimtikisa mjukuu polepole. Hakumtazama binti yake.

"Kesho Breki akija, nitakwenda naye," alisema. "Kuna mti umelalia paa kule chini. Nitapanda."

Fundi aliufumba mdomo wake. Alijiambia kwamba baada ya aliyoyafanya hana tena ruhusa ya neno. Alikiangalia kisu pale mezani, kisafi, laini, tayari kwa kazi.

"Sema," baba alisema.

"Sina la kusema, baba."

"Unalo. Umelifunga ndani ya kisu miezi yote hii. Liseme sasa, nimekaa, sina pa kwenda, nimeshikiliwa na mtoto."

Akalisema. "Naogopa utaanguka ufe, baba. Naogopa kila siku."

Ilichukua muda mfupi kuliko kuizungusha skrubu mara moja. Baba aliacha kutikisa. Alimtazama, macho yake dhaifu yakitafuta uso wake kwenye mwanga wa jioni.

"Kumbe ni hilo tu," alisema, akamsogezea kigoda kwa mguu ili akae.